Pointi ya Tarcisio

Tarcisio Odyek aliwapa wapinzani pointi moja kwa mkono wake mwenyewe, na kwa pointi hiyo timu yake ikakosa safari ya Melbourne. Hakusukumwa wala hakuteleza. Shemeji yake Muhamadi alikuwa kando ya uwanja, akaona yote.

Muhamadi hakuupenda kamwe huo mpira wa Australia. Mpira umechongoka ncha mbili kama papai, na kila upande una nguzo nne. Ukipita kati ya mbili ndefu, pointi sita. Ukipita pembeni, kati ya ndefu na fupi, pointi moja: hata aliyekosa anatuzwa. Muhamadi alibeba magunia kwenye soko la Kikuubo, na huko gunia likianguka hakuna anayekupongeza.

Tarcisio alikuwa golikipa wa vijana wa kambi ya polisi mpaka tumbo likamtangulia langoni. Ndipo akaja mwalimu mmoja kutoka Australia, akaokota wale ambao soka imewatema. Basi Tarcisio akawa miongoni mwa wa kwanza Uganda, na tangu hapo haikupita harusi wala matanga asiseme. Muhamadi alimjibu kwamba hata aliyetumbukia chooni kabla ya wenzake ni wa kwanza.

Iliposemwa kwamba timu bingwa itakwenda Melbourne, Tarcisio aliacha kazi yake ya ulinzi Mengo, maana bosi alimnyima ruhusa ya mazoezi. Mkewe Husnah, dada yake Muhamadi, akauza friji aliyouzia juisi ili mume apate pasipoti.

Siku ya fainali, sare ingewatosha, kwa kuwa kanuni ilimpa ubingwa aliyeshinda mechi ya kwanza baina yao, nao waliishinda. Dakika ya mwisho pointi zilikuwa sawa. Wapinzani wakapiga mpira juu, ukashuka upande wa pembeni. Bisimwa, Mkongo wa timu yao, alikuwa chini yake, mikono wazi. Angeudaka, mchezo ungesimama, angeupiga mbali, basi.

Tarcisio akaruka mbele yake kama zamani kambini, akaupangua kwa ncha za vidole, ukapita kando ya nguzo ndefu. Akatua, akainua ngumi, akaanza kuwapanga wenzake wazuie kona. Mwamuzi wa nyuma ya nguzo akapunga bendera moja. Pointi moja.

"Nimeokoa," alisema Tarcisio.

"Umeokoa nini, kaka? Mchezo huu hauna kona," alisema Bisimwa.

Muhamadi alingoja atoke uwanjani.

"Shemeji, miaka kumi na moja unatuchosha kwamba wewe ni wa kwanza. Wa kwanza, na bado unalinda lango ambalo halipo."

Nyumbani Husnah aliuliza kama mpira ule ulikuwa unaingia katikati. Tarcisio akasema hapana.

"Na Bisimwa alikuwepo?"

"Alikuwepo."

Husnah akaenda kuosha vyombo.

Kazi ya Mengo ina mtu mwingine. Friji iko kwenye duka la jirani, inauza juisi. Wachezaji wote wa timu wamebaki Kampala. Pasipoti ipo, mpya, haina muhuri hata mmoja.