Vitanda Vyenye Tundu

Mume wangu ni seremala, na ana ugonjwa mmoja: hawezi kutoa kitu karakanani mpaka king'ae. Muuguzi wa kambi ya kipindupindu alipomwagiza vitanda vyenye tundu katikati, aliguna kama mtu aliyetukanwa.

"Nitoboe kitanda kizima?"

"Toboa, fundi. Mgonjwa hana nguvu ya kukimbilia choo. Ndoo inakaa chini ya tundu, tunapima alichopoteza, tunamrudishia kiasi hichohicho. Akilala sakafuni tunabahatisha tu."

Alikubali kwa shingo upande. Bomba la mtaa lilikuwa limepasuka kando ya mtaro wa maji machafu, na kila kukicha majirani walibebwa hadi kwenye madarasa ya shule yaliyogeuzwa kambi. Siku ya pili yake tukambeba mama yangu mzazi, macho yamezama, ngozi ya mkono ukiifinya hairudi. Vitanda vilikuwa vimekwisha. Wakamlaza kwenye mkeka.

Nilitoka mbio hadi karakanani. Mume wangu alikuwa akipiga msasa ukingo wa tundu, taratibu, huku akipuliza vumbi. Nyuma yake fremu nyingine zilisubiri zamu.

Damu ilinichemka. "Hicho unamtengenezea bibi harusi?"

"Nisipokilainisha kitamkwaruza mtu, mama watoto."

"Mama yuko chini. Hawajui wamwongezee maji kiasi gani. Akifa, msasa wako utamfaa nini?"

Aliutupa msasa, akashika nyundo. Sijawahi kumwona akifanya kazi mbaya namna ile: misumari imekwenda upande, miguu haijalingana, mbao nyingine bado zina magome. Tulivika kila kitanda turubai la plastiki, tukalikata tundu kwa kisu, tukavipanga kwenye mkokoteni. Nilimpenda siku ile kuliko siku aliyonioa.

Mama akapata kitanda. Dripu ilikuwa mkononi mwake, na mimi nilishika kijiko na kikombe cha maji ya chumvi na sukari. Muuguzi alichungulia ndoo, akaongeza dripu, akachungulia tena. Mume wangu aligoma kuingia. Angemtazamaje mama mkwe katika hali ile? Alisimama nje ya dirisha, mgongo ametugeuzia.

Jioni ndoo haikujaa tena. Mama akafumbua macho, akaninong'oneza, "Mwanangu, nimebanwa na mkojo."

Nilimtazama muuguzi kwa hofu. Yeye akacheka.

"Aliyekaukiwa maji mwilini hapati mkojo. Mama yako karudi huyo."

Mama alipomaliza, nilikimbilia dirishani. "Baba watoto, mama amekojoa," nikasema, na sauti ilinitoka kubwa hadi foleni nzima ya wanaonawa mikono ikageuka. Sikuona haya hata kidogo.

Mume wangu, mtu mzima na ndevu zake, alikaa chini kwenye vumbi akalia. Kisha akajifuta uso kwa kiganja, akashika mkokoteni mtupu akaondoka nao haraka, maana mama za watu wengine walikuwa bado sakafuni.