Nani Ampeleke Verlin kwa Kondoo

Verlin Tollefson alimposa mkewe baada ya kucheza naye dansi mara mbili, na shamba lake la ngano alilinunua bila hata kushuka kwenye gari. Lakini kuchagua kampuni ya kumpeleka kuwinda kondoo wa mwitu, hilo lilimla majira yote ya baridi.

Tusimwonee lakini. Mtu wa Montana akitaka kondoo wa mwitu wa kwao hutia jina kwenye bahati nasibu ya serikali, kisha akangoja. Verlin alianza kutia jina lake kabla hajaota mvi, na sasa hakuwa hata na nywele za kuotea hizo mvi. Kila mwaka jibu lilikuwa lile lile: jaribu tena. Jirani yake Orrin Stadel, mtu ambaye akipanda ngazi ya ghalani huona kizunguzungu, alitia jina mara moja tu kwa mzaha, likatoka. Pembe za kondoo yule zimetundikwa sebuleni kwa Orrin hadi leo, na Verlin akialikwa huko huchagua kiti cha kuzipa mgongo.

Basi akaamua Alaska. Huko kondoo weupe wapo, ila sheria haina mchezo: mgeni haruhusiwi kumfuata kondoo peke yake. Ama aende na mwongozaji mwenye leseni, ambaye bei yake ni ya trekta, ama aende na ndugu yake wa karibu anayeishi huko, ambaye halipwi kitu.

Na hapo ndipo mfupa ulipomkwama Verlin kooni, kwa sababu ndugu huyo alikuwepo. Binti yake Britta ni muuguzi katika mji wa Palmer, na kila Agosti hupanda mlimani akashuka na nyama ya kondoo mgongoni. Wilaya nzima inajua. Mchungaji wa kanisa lao la Kilutheri alishampongeza Verlin hadharani, kwenye kahawa ya baada ya ibada. Verlin alisema ahsante, kisha akanuna mpaka katikati ya wiki.

"Si umpigie mtoto simu tu?" Arlys mkewe alimwambia. "Atakupeleka bure."

"Niongozwe na mtoto niliyemfunga nepi?"

"Nepi gani, wewe? Wewe hujawahi kufunga nepi hata ya mwanasesere."

"Arlys, nasema kwa jumla."

"Na mimi nakujibu kwa jumla."

Kulikuwa na jambo jingine, na wote wawili walilijua, ila Verlin hakupenda litajwe. Britta alipokuwa na miaka kumi na mmoja, alifunga begi lake alfajiri ya siku ya kwanza ya msimu, akaenda kusimama kando ya gari, viatu kafunga vizuri. Verlin akamwambia mlima si mahali pa wasichana, akampakia Curt, kaka yake Britta, ambaye ilibidi avutwe miguu kutoka kitandani. Curt leo anauza mazulia mjini Billings, na kitu pekee anachowinda ni nafasi ya kuegesha gari. Britta yeye alipomaliza chuo alikwenda kaskazini moja kwa moja, hakugeuka nyuma. Simu za nyumbani humpigia mama yake. Baba akipokea, husema "Hujambo Baba, Mama yupo?"

Kwa hiyo Verlin akakaa mezani na simu, akaanza kuzipekua kampuni.

Ya kwanza ilikuwa na mwenyewe mwenye ulimi wa asali. "Bwana Tollefson," alisema, "kwetu kila mteja hushuka na dume, pembe zimezunguka duara kamili." Kisha akampa majina ya wateja wa zamani, awapigie awaulize mwenyewe. Ndiyo desturi ya biashara ile. Verlin aliwaita mashahidi. Akawapigia wote, na wote wakaisifu kampuni kwa maneno yale yale, kama watoto wa shule wanaosoma ubaoni.

"Hawa wamepangwa," alimwambia Arlys. Akampigia tena yule wa ulimi wa asali. "Sasa nipe majina ya waliorudi mikono mitupu."

Asali ilikauka papo hapo. Bwana yule akakumbuka kwamba kuna mtu mlangoni, na kampuni ya kwanza ikafutwa.

Mashahidi wa kampuni ya pili walikuwa watu wenye furaha, na hilo ndilo lililomwudhi. Walimweleza habari za mpishi, na jiko la kuni ndani ya hema, na vitanda.

"Vitanda!" Verlin alitoa macho. "Vyenye magodoro! Mtu anayetaka godoro anakwenda mlimani kufanya nini? Si aende hotelini!"

"Wewe goti lako lingelipenda sana hilo godoro," Arlys alisema.

"Goti langu liache."

Maana wawindaji wa kondoo ni watu wa ajabu, msiseme. Ukimwuliza mmoja wao safari ilikuwaje, hatakwambia habari za kondoo kwanza. Atakwambia kucha zilizong'oka, theluji iliyoingia kwenye uji, na jinsi alivyolia mlimani akiwa mtu mzima na watoto wake. Akiisha kukuhesabia mateso yote hayo, anakwambia ilikuwa safari bora ya maisha yake. Verlin alikuwa akitafuta kampuni itakayomtesa barabara, na alikuwa tayari kuuza ng'ombe kuilipa.

Akaipata. Ya tatu ilikuwa ya mzee mmoja aitwaye Ambrose Teague, ambaye hakuamkia wala hakuaga.

"Una miaka mingapi?" Teague aliuliza.

"Sitini na sita."

"Magoti?"

"Mazima," Verlin alisema, na goti la kulia likamchoma pale pale chini ya meza.

"Kila mtu huniambia mazima. Una ndugu wa karibu anayeishi huku Alaska? Nauliza mapema, kwa sababu watu hunipotezea wakati, halafu mwishoni wanakwenda na shemeji."

Arlys alikuwa jikoni akikaanga vitunguu. Mwiko ulinyamaza.

"Sina," alisema Verlin.

Arlys akazima jiko, akavaa koti, akatoka nje. Verlin aliona aibu, kweli aliiona, lakini aibu ile akaifunika kwa kuandika namba za mashahidi. Teague, sifa zake apewe, alimpa bila kuombwa majina mawili ya watu waliorudi mikono mitupu. Huyu ndiye, Verlin alijiambia. Huyu ndiye mwanamume.

Shahidi wa kwanza alisema Teague ni mkali kama pilipili lakini mkweli. Wa pili alikuwa daktari wa meno wa Spokane, mtu wa maneno mengi.

"Teague? Mtu safi kabisa," alisema daktari. "Mvua ilitupiga wiki nzima, si kosa lake. Lakini nikwambie kitu, rafiki yangu. Siku moja tumejibanza chini ya jabali, hatuoni hata pua zetu, tukamwona mwanamke anapanda peke yake, mzigo mgongoni kama hana kitu. Akasimama, akatuchemshia chai. Akamwonyesha Teague madume yalikopita. Amwonyeshe Teague! Na Teague akamsikiliza, akisema ndiyo bibie, ndiyo bibie."

"Ala," alisema Verlin.

"Nikamwuliza Teague, huyu ana kampuni? Nikirudi nije naye? Akasema hana, huyu ni muuguzi wa Palmer, sheria inamruhusu kupeleka ndugu zake tu. Britta nani sijui, jina la Kinorwe. Nikasema, loo, wana bahati ndugu zake!" Daktari akacheka. "Wewe huna ndugu huko, eh?"

Verlin alishukuru, akakata simu. Miezi mitatu alikuwa amechambua kampuni kama mtu anayechambua mchele, akapata bora ya zote, na bora ya zote ilikuwa imesimama mvuani ikimsikiliza mtoto wake. Akacheka peke yake, cheko la mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe. Kisha akapiga moyo konde, akabonyeza namba ambayo ilibidi aitafute, maana hakuwa akiijua kwa kichwa.

"Baba?" Britta alipokea. "Kuna aliyekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimesikia unapeleka watu kwa kondoo."

"Napeleka ndugu."

"Na mimi ni nani?"

"Hilo nimelingoja sana unieleze wewe," Britta alisema. Kisha sauti yake ikageuka, ikawa ya kazini. "Sikiliza Baba. Likizo yangu ya Agosti ni moja, na hema langu ni la watu wawili, mimi na mwingine mmoja. Kuna mtu ameshaomba nafasi hiyo tangu vuli. Bado namchunguza. Na wewe nitakuchunguza vile vile. Upo tayari?"

"Kunichunguza mimi? Ebo! Mimi ni baba yako."

"Teague angekuchunguza."

Verlin akajiuliza jina hilo amelipata wapi. Inaelekea mlima ule habari zake husafiri.

"Magoti?" Britta aliuliza.

Verlin alifungua kinywa aseme mazima. "La kulia limekwisha," alisema. "Daktari anataka kuniwekea la bandia. Sijamwambia mtu."

"Ahsante. Sasa nipe jina la mtu aliyewahi kwenda nawe mlimani, nimpigie."

Jina lilikuwa moja tu. Wote wawili walijua ni la nani, na Verlin alilitaja taratibu sana.

Siku zilizofuata Verlin hakushikika. Akiwapa kuku maji, anasikiliza simu. Akila, anasikiliza simu. Alimtaka yule kondoo kwa hamu ya miaka yote ile, na sasa alitaka kitu kingine zaidi, nacho ni kwamba binti yake aseme twende. Hakumwambia Arlys. Arlys naye hakumwuliza, na tangu lile neno "sina" alikuwa akimwekea chakula na kuondoka mezani.

Simu ililia Jumamosi asubuhi. Arlys alikuwa nje.

"Nimeongea na Curt," Britta alisema. "Anasema alikuwa akilia kila safari, na wewe ulikuwa ukimwambia ni upepo."

"Nilidhani ni upepo."

"Pia anasema ulikuwa ukimpa soksi zako kavu na wewe unavaa mbichi. Nimeandika yote mawili." Britta akavuta pumzi. "Sasa Baba, kuna jambo. Yule mwombaji mwingine nimemwomba shahidi, akakutaja wewe."

"Mimi? Mimi simjui mtu huko kwenu."

"Ni Mama."

Verlin alitaka kucheka, kicheko kikagoma. Arlys! Arlys, ambaye hajawahi kushika bunduki! Akasogea dirishani. Nje, kwenye kilima cha nyuma ya ghala, mkewe alikuwa akipanda, na mgongoni amefunga mfuko wa chumvi ya ng'ombe. Alifika juu, akageuka, akashuka, akaanza tena. Theluji ya kilima kizima ilikuwa imechorwa njia, njia ya kukanyagwa tangu vuli. Verlin alijua uzito wa mahema ya kampuni tatu na aina ya viatu vya waongozaji wao, na hilo hakuliona.

"Tangu lini anataka kondoo?" aliuliza.

"Hana haja na kondoo. Anasema anataka kuona nilikokwenda. Nakuuliza kama ninavyowauliza wengine. Ukisema hafai, simchukui, na nafasi ni yako, goti na vyote, tutapanda polepole. Sitamwambia ulisema nini."

Neno moja tu lilitosha. Arlys ana presha, na hilo ni kweli. Arlys anaogopa kimo, na hilo lilikuwa kweli zamani. Verlin aliliona dume jeupe kama limesimama mbele yake, pembe zimezunguka duara, na binti yake pembeni akinong'ona, sasa Baba, sasa. Alilitamani mpaka macho yakamlenga machozi.

"Mama hulalamika?" Britta aliuliza.

"Hapana."

"Hata akichoka?"

"Akichoka huwa ananyamaza. Umwangalie, maana hatakwambia."

"Mzigo ataweza?"

"Mzigo wa nyumba hii kaubeba nani?"

"Na hali ikichafuka, mtu huyu hukaa au hukimbia?"

"Britta," Verlin alisema, "miaka arobaini hali iliyochafuka ni mimi. Yuko hapa."

Upande wa pili Britta alijikohoza, kisha ile sauti ya kazini ikarudi, ila ilikuwa imelowa kidogo. "Swali la mwisho. Wewe mwenyewe ungekwenda naye mlimani?"

Verlin alitazama kilimani. Arlys alikuwa amesimama juu, mikono kiunoni, mvuke unamtoka mdomoni.

"Sijawahi kumwuliza," alisema.

Arlys alipoingia, mashavu mekundu, alimkuta mumewe ameketi mezani na simu imelala mbele yake.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Kampuni."

"Ile ya Teague?"

"Ile ya Palmer. Nafasi imekwisha, wamempata mtu wanayemtaka."

Arlys alisimama na koti lake mwilini. Kisha akakaa, polepole, mkono kinywani. "Umewaambia nini, Verlin?"

"Nimewaambia unakoroma," alisema Verlin. "Wamesema watakuchukua hivyo hivyo."