Kitanda cha Zamu

Nilijikuna mpaka nikachoka kujikuna. Usidhani nakutania. Kuna uchovu wa kubeba mizigo, na kuna uchovu wa mtu ambaye ngozi yake haimpi nafasi ya kufumba macho. Huo wa pili ndio unaomfanya mwanamume mzima atamani kulia mbele ya mashine ya kutengeneza mabeseni. Nafanya zamu ya usiku katika kiwanda cha plastiki, Industrial Area. Asubuhi narudi chumbani kwangu Kware, navua viatu, najitupa kitandani, na shuka zikipata joto tu, upele unaamka. Katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni, na kwingine nisikotaka kukutajia.

Ningevumilia, maana sijazoea kudekezwa. Lakini huko nyumbani Kutus mke wangu Jecinta alikuwa amejifungua binti, nami sikuwa nimemwona ila kwenye simu. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Kwa hiyo mtoto ni Mukami, jina la mama yangu, ambaye hakuishi kumwona. Nilitamani kumshika. Na kila Jumapili nilimdanganya Jecinta kwamba kazi imenibana, kwamba mkubwa amekataa ruhusa. Ningemwambiaje kwamba zawadi niliyo nayo ni upele?

Daktari wa zahanati alikuwa mama mpole, amechoka kama mimi. Aliangalia vidole vyangu, akaniandikia krimu.

"Unapaka kutoka shingoni mpaka nyayo," alisema. "Usiruke mahali. Chini ya kucha, kwapani, kitovuni. Unalala nayo, ukiamka unaoga. Baada ya wiki unarudia. Shuka na nguo ufue na maji moto. Na kila mtu mnatumia naye kitanda apake siku hiyo hiyo. Mko wangapi?"

"Niko peke yangu, daktari."

Nilipaka. Mgongo niliufikia kwa mwiko niliouviringishia kipande cha nailoni. Mwasho ukatulia, nikamwambia Jecinta ajiandae, nakuja. Sikuwa nimefunga hata mkoba, upele ukarudi na jamaa zake wote. Nikaenda tena kwa daktari, nikaulizwa swali lile lile, nikatoa jibu lile lile, nikapaka tena. Mara ya tatu daktari aliweka kalamu chini.

"Muriuki, hiyo dawa unapaka ama unaifungia kwa sanduku?"

"Napaka, daktari. Kila mahali."

"Na kitanda ni chako?"

"Ni chetu."

"Chenu na nani?"

"Na Obonyo. Lakini hatulali pamoja. Yeye analala usiku, mimi mchana."

Daktari aliishika tena kalamu. Nikaanza kuona aibu taratibu, kuanzia masikioni.

Jamani, sikuwa nimesema uongo. Obonyo huchomelea madirisha ya chuma Kariobangi. Alfajiri anatoka, mimi naingia. Jioni mimi natoka, yeye anaingia. Usiku wangu wa mapumziko, yeye huenda kesha kanisani kwao. Namjua kwa chai anayoniachia kwenye thamosi, na kwa kitanda anachotandika pembe zikanyooka. Sijawahi kumwona amelala. Mtu kama huyo ningemhesabu vipi?

"Wadudu hawajui zamu," daktari alisema, akaniandikia dawa ya watu wawili.

Nilimpigia Obonyo simu nikiwa bado mlangoni pa zahanati.

"Zii, buda, mimi sina upele," akakana. "Yangu ni unga ya chuma. Inawasha."

"Kwa hivyo unajikuna."

"Si nimekushow ni chuma? Unasema mimi ni mchafu? Nani huosha hiyo nyumba?"

Hapo alinipata, maana ndiye anayeosha. Hasira ilinipanda, nikataka kumwambia ahame na chuma chake. Lakini hata ugomvi unataka nguvu, na mimi sikuwa nazo. Nikajikuta nasema ukweli tu.

"Obonyo, nina mtoto sijamshika. Siwezi kwenda nyumbani hivi."

Nilisikia nyundo za wenzake zikigonga.

"Mtoto? Hukuniambia umepata mtoto."

"Tungeongea saa ngapi?"

"Jumamosi siendi kesha," akasema.

Jumamosi tulichemsha maji, tukafua kila kitu, blanketi tukalifunga kwenye mfuko wa nailoni wadudu wafie humo. Godoro tukalisimamisha ukutani, tukatandika maboksi sakafuni. Obonyo alivua shati akanipa mgongo. Ulikuwa umechanwachanwa kuliko wangu.

"Chuma, eh?"

"Nyamaza upake."

Nikapaka. Kisha akanipaka mimi, kwa viganja vigumu vya mchomeleaji, polepole, bila kuruka mahali. Tangu nitoke nyumbani hakuna mtu aliyekuwa amenigusa mgongo. Machozi yalinilenga, nikashukuru kwamba alikuwa nyuma yangu. Kisha tukalala kwenye maboksi, nikajua kwamba Obonyo anakoroma.

Wiki iliyofuata tulirudia. Na bado niliwashwa! Nilirudi kwa daktari nimekata tamaa, nikitaka krimu nyingine. Alinigeuza vidole kwenye mwanga, akakataa.

"Hakuna kipele kipya. Wadudu wamekufa, ni ngozi bado inalalamika. Italalamika wiki kadhaa, uizoee. Usipake tena, utajichoma bure. Enda umshike mtoto wako."

Nilifika Kutus nimevaa shati la mikono mirefu. Jecinta alinikuta mlangoni, mtoto begani.

"Baba Mukami, mama yako huyu amekungoja mpaka akachoka."

Sikunyoosha mikono. Nilimweleza yote pale pale nimesimama: upele, kitanda, Obonyo, uongo wa kila Jumapili. Alinishika mkono, akakunja shati, akavitazama vile vidonda vilivyokauka kimoja kimoja.

"Kumbe hii ndiyo kazi ilikubana," alisema. "Na daktari amesema umepona?"

"Amesema nimepona. Lakini bado nawashwa, Jecinta. Naogopa."

Alimtoa mtoto begani akaniwekea mikononi, mmoja chini ya kichwa, mwingine chini ya makalio.

Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Alinikodolea macho kama mtu anayetafuta kosa. Na pale pale kifundo cha mkono wa kulia kikaanza kuniwasha, vile vya kumtoa mtu machozi.

Sikujikuna. Sikuwa na mkono wa kujikunia.