Sitara ya Anosisye

Kwa jina la Mola ambaye ukungu wa Rungwe si pazia mbele Yake, na rehema zimshukie Mtume aliyetufunza kuwa amali njema ni ile inayomfaa mja mwenzio.

Watu wa kisa hiki ni wachache, na ni haki wapangwe. Wa kwanza ni Mzee Ambindwile, aliyewaosha maiti wa Kiislamu katika vijiji vya upande wa Mpuguso tangu nywele zake zikiwa nyeusi, wala hakupata kupokea hata kipande cha sabuni kwa kazi hiyo. Wa pili ni Anosisye, kibarua wa shamba la chai, ambaye tunamkuta amekwisha kufa. Wa tatu ni Tusajigwe, mjane wake. Wa nne ni Lutufyo, mdogo wa marehemu. Kisha wapo Maalim Zuberi, imamu wa msikiti, na Ackson, msimamizi wa vibarua. Mwenye shamba hayumo. Hakuna aliyewahi kumwona.

Asubuhi ya mazishi mvua ilikuwa ikinyesha kwa ule upole wake usiojua kukoma. Anosisye alilazwa juu ya ubao nyuma ya nyumba, chini ya turubai lililofungwa kwenye migomba. Ambindwile aliwaamuru wasaidizi, Lutufyo akiwa mmoja wao, wasimame nje ya shuka lililozungushwa na kumpitishia maji kwa chini. Asiyelazimika kuona asione. Ndivyo alivyofundishwa chuoni. Mwosha anayeyaficha aliyoyaona kwa maiti, Mola naye humsitiri.

Alipoosha kinywa aliona ulimi umechubuka, kama wa mtu aliyemeza uji wa moto. Alipomgeuza ubavu, kitambaa alichojizungushia mkononi kiliondoka na ngozi.

Kutoka mabegani hadi kiunoni mgongo ulikuwa kidonda kimoja, kingo zake zimenyooka kama zilizopigwa rula. Hakuhitaji kuelezwa. Kila apitaye kando ya shamba aliwaona wapuliza dawa ya magugu na mabomba yao mgongoni, mabovu, yakivuja juu ya mashati. Shamba lilipokuwa la serikali walipewa makoti ya mpira. Kampuni ilipolinunua, gharama ya koti ikawa juu ya kibarua mwenyewe.

Mzee alimimina maji polepole, kana kwamba aliyelala angeweza kuumia. Harufu ya dawa ilipanda, kali, na karafuu maiti haikuifunika. Akamvisha sanda, akafunga vifundo, akatoka nje na uso usiosema neno.

Zahanati ya shamba ilisema ni nimonia. Tusajigwe alisema ni bomba. Aliuona mgongo wa mumewe akiwa hai, akaupaka mafuta kila jioni. Kampuni ikajibu kwamba mjane atasema lolote ili alipwe. Hapo wapuliza dawa wakayatua mabomba chini, wakakataa kuingia shambani mpaka ukweli ujulikane, na pande zote zikakubaliana kwamba ukweli huo aulizwe Mzee Ambindwile, kwa kuwa hakuna aliyepata kumsikia akisema uongo.

Kabla ya kikao Maalim Zuberi alifika kwa mzee, ameshushwa na gari la kampuni. Alizungumza kwa upole, kama anayesomesha.

"Umekaa na siri za maiti umri wako wote, mzee wangu. Utaanza kwa Anosisye kuzianika?"

"Jambo lile si aibu yake, Maalim."

"Nani aliyekupa wewe kuchagua? Mwosha akifungua mdomo mara moja, nani atakayekubali kulazwa mbele yake?"

Mzee aliliogopa swali hilo kuliko alivyoiogopa kampuni.

Kikao kilifanyika katika ofisi ya shamba. Tusajigwe alikuwa katika eda, hivyo alimtuma Lutufyo asimame mahali pake. Ackson aliinuka akampisha mzee katika kiti chake mwenyewe.

"Shikamoo, tata. Mimi ni Mkristo, lakini hata kanisani kwetu wanajua ulimi wako. Utakalosema, kampuni italipokea. Uliona jeraha lolote?"

Wapuliza dawa walijazana mlangoni, kofia mkononi. Lutufyo alimtazama mzee kwa matumaini ya mtu aliyekwisha kushinda.

"Sikuona kitu," alisema Ambindwile.

Ndivyo alivyowajibu wafiwa siku zote, kwa kila maiti, na kila mara wafiwa walishukuru. Safari hii hakuna aliyeshukuru isipokuwa Ackson. Wapuliza dawa walitazamana, mmoja akacheka kidogo kwa kufarijika, wakayarudia mabomba yao. Lutufyo akapewa nafasi ya kaka yake. Aliipokea, kwani shemeji na watoto walikuwa wakimtazama yeye, na mtu mwaminifu alikuwa amesema kwamba hakukuwa na kitu.

Tangu hapo harufu ile haikumtoka mzee. Aliikuta katika maji ya udhu. Aliikuta katika ndizi mkewe alizompakulia, akasukuma sahani, akasema ameshiba.

Majani ya chai yalikuwa yamechumwa na kuchipua tena Lutufyo alipokuja, baada ya alasiri. Hakuketi. Alivua shati akampa mzee mgongo.

"Wewe ndiye uliyemwosha kaka, tata. Nitazame."

Mzee alitazama. Kingo zilikuwa zimeanza kujichora.

"Na wake ulikuwa hivi?"

"Ndiyo."

"Ukasema hukuona kitu."

"Nilimsitiri, mwanangu."

Lutufyo alivaa shati taratibu, akilibandua pale liliponata. "Kaka alikuwa na aibu gani, tata?"

Mzee alikwenda ofisini siku hiyo hiyo, akayasema yote: ulimi, mgongo, kitambaa kilichoondoka na ngozi. Akaomba Lutufyo apelekwe hospitali kubwa, Mbeya. Ackson alimsikiliza mpaka mwisho, wala hakumkatiza.

"Tata, mbele ya watu wote ulisema hukuona. Leo unasema uliona. Wakubwa nikawaambie uliwadanganya siku ipi?" Kisha akaeleza kwamba Lutufyo si wa kampuni, ni wa wakala wa vibarua, na kama bomba limemshinda, alitue, wapo wanaolitaka.

Lutufyo hakulitua.

Msikiti siku hizi una bati jipya, zawadi ya kampuni kwa waumini. Mzee Ambindwile hawezi tena kuswali safu ya pili. Walio mbele wakiinama kurukuu, migongo ikalala sawasawa katika safu, huiona ngozi chini ya kanzu zao. Kwa hiyo hufika kabla ya adhana na kusimama safu ya kwanza, na watu humsifu kwamba uzee umemzidishia ucha Mungu. Ijumaa iliyopita Lutufyo alisimama nyuma yake. Katika sijida mzee alimsikia akipumua: pumzi nyembamba, yenye mluzi, ikikatika kabla tasbihi haijakamilika. Maalim alipotoa takbira ya kuinuka, safu zote ziliinuka. Mzee alibaki na paji la uso mkekani, akisikiliza.

Mola amrehemu Anosisye. Na waliobaki, ambao bado wanavaa mashati yao asubuhi na kuelekea shambani, awajaalie wa kuwashuhudia wangali wanapumua. Amin.