Mzunguko wa Didia

Mtu akiniambia eti uwanja wa mbio za baiskeli wa Didia ulikuwa vumbi tupu, nagombana naye palepale. Vumbi lile ndilo lililonilea! Jumapili baada ya misa watu walikuja hata kutoka Mhunze, na mimi, Asteria, enzi za usichana wangu, nilikuwa nawaacha wenzangu mbali huko. Aliyeshinda, wanawake walimtandikia vitenge njiani, akapita juu kama bibi harusi. Jamani, nimeukumbuka uwanja ule mpaka naota.

Mbio zilipohamishiwa lami ya mjini, mwenye eneo, Mzee Maganga, akapanda dengu. Mwaka huu alipomaliza kuvuna, nikamfuata.

"Shikamoo, mzee. Tuachie uwanja kila Agosti, tukimbie. Shamba limelala tu."

"Marahaba, Mama Gregory." Akacheka mpaka akakohoa. "Nani akimbie? Wewe na magoti hayo? Haya, pakia gunia la dengu kwenye baiskeli, zunguka shamba mara moja. Usipoweka mguu chini, uwanja wenu. Ukiuweka, usinisumbue tena mpaka nife."

Damu ilinichemka. "Kesho," nikamjibu.

Kesho yake Didia nzima ilikuwa pale. Gunia likafungwa kwenye keria kwa kamba ya mpira, nikapanda. Ardhi ya mbuga ilikuwa imekauka na kupasuka, ikanirusha mpaka meno yakagongana, lakini kila kona niliijua. Nilipoikata ya mwisho, wanawake uzalendo ukawashinda. Wakaanza kutandika vitenge kabla sijafika mstarini!

"Toeni!" nikapiga kelele. Wapi! Kitenge cha shoga yangu Mektilda kikaingia kwenye mnyororo, baiskeli ikakwama.

"Mguu! Mguu!" Maganga akawa anarukaruka.

Mguu wa nani? Nikaliingiza gurudumu la mbele kwenye ufa wa ardhi, nikasimama juu ya pedeli, gunia linanivuta huku, mimi navuta kule. Mapaja yalitetemeka vibaya. Mektilda akaja mbio anishike.

"Usiniguse! Vuta kitenge!"

Nikarudisha pedeli nyuma taratibu, naye akivuta huku analia na kuniomba radhi. Kitenge kikatoka kimechanika vipandevipande. Nikakanyaga kwa nguvu zangu zote, baiskeli ikachomoka kwenye ufa, ikayumba, ikanyooka, nikaupita mstari!

Vigelegele mpaka masikio yakaziba. "Wabeja! Wabeja, Asteria!" walipiga kelele kunishukuru kwa Kisukuma, na wengine waliangua kilio. Mzee Maganga akanikimbilia kwa nyuma, kofia mkononi.

"Basi, Mama Gregory, umeshinda! Uwanja ni wenu! Shuka sasa!"

Nishuke? Upepo unanipiga usoni, machozi na kicheko vinanitoka pamoja, na kona ya kwanza hiyo inakuja!

"Shuka, tulikubaliana mzunguko mmoja!"

"Ule ulikuwa wako, mzee," nikamjibu bila kugeuka. "Huu ni wangu."