Mama Kwenye Kisanduku cha Tangazo

Saa tatu asubuhi, kabla hajamenya hata kitunguu, Mhariri alifungua kompyuta juu ya meza ya jikoni akague matangazo ya tovuti yake. Ilikuwa tovuti ya wagonjwa wa kisukari: namna ya kujichoma sindano, viatu visivyochubua, vyakula vya kuacha. Makala aliandika mwenyewe. Matangazo yaliletwa na wakala, naye aliamua yapi yapite na yapi yazuiwe.

Asubuhi hiyo, wiki ya saba tangu wamzike mama yake, kisanduku cha tangazo cha upande wa kulia hakikuwa na ile chupa ya matone yanayodaiwa kuponya kisukari. Alikuwamo mama yake, ameketi kwenye kiti cha plastiki, mguu wa kushoto hana, kama alivyozikwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Humu ndani kumebana."

Mama alijichoma sindano miaka kumi na mmoja bila kukosa. Kisha akayaona Matone ya Uzima kwenye tovuti ya bintiye, akayaagiza kimyakimya, sindano akaziacha kwenye friji. Kule hospitalini, mguu ukiwa umeshakatwa, alipoulizwa nani alimdanganya, alimtazama binti yake kama asiyeelewa swali.

"Kwani si umeyaweka wewe?"

Mhariri hakuwa ameyaweka. Alikuwa ameyaacha. Kulikuwa na swichi moja iliyoandikwa "Tiba na virutubisho", na siku alipotaka kuizima, mumewe, fundi wa friji aliyevunjika mgongo kazini, alimwambia kwa upole, "Ukizima hiyo, mke wangu, umezima zaidi ya nusu ya chakula chetu." Akaiacha. Baada ya mazishi alimzuia muuza matone peke yake. Muuzaji akarudi na Matone ya Uhai. Akayazuia hayo, yakaja Matone Safi.

"Huyu bwana anakaa wapi?" mama aliuliza.

"Sijui. Ukibonyeza tangazo, linakupeleka kwake."

"Basi bonyeza."

Wakala alikataza mwenye tovuti kubonyeza matangazo yake mwenyewe, angeweza kufungiwa. Mhariri alibonyeza. Mama akakaza kitambaa chake cha kichwa, akaingia.

Alirudi alasiri. Alisema bwana yule zamani aliuza matairi, na ofisi yake ina zulia na kiyoyozi.

"Nimempa sharti. Kila chupa akiuza, kidole kimoja."

Vidole vya miguu vya muuzaji vilikwisha siku iliyofuata, kabla ya chakula cha mchana. Havikumuuma, vilidondoka ndani ya soksi kama vifungo vya shati. Vya mikono vilikwisha kesho yake, akaajiri katibu wa kumbonyezea simu. Mhariri aliposimuliwa alipakua sahani ya pili, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba. Kila asubuhi alibonyeza, kila alasiri akasubiri habari huku anapiga pasi.

"Leo mguu," mama alisema siku ya nne. "Nimeanza na wa kushoto, kama wangu."

"Alilia?"

"Aliuliza kama chupa za kuonjesha nazo zinahesabiwa."

Mhariri alicheka mpaka akaunguza mto wa kiti. "Kesho chukua wa kulia," alisema. Mama akauchukua.

Siku ya sita lilitoka tangazo jipya. Muuzaji alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, amevaa koti jeupe, uso umenawiri. Chini yake pameandikwa: "Kisukari kilinila miguu. Matone yakaniokoa. Nisikilize mimi niliyepitia." Watu walimsikiliza. Hakuna tangazo lililowahi kubonyezwa kiasi kile kwenye tovuti ile, na wakala alituma malipo makubwa pamoja na barua ya pongezi. Mume wa Mhariri akaanza kliniki ya mgongo aliyokuwa akiiahirisha tangu ajali. Wiki hiyohiyo alisimama dirishani bila kushika ukuta.

Sasa walikaa wawili kisandukuni, mama na muuzaji, magoti ya mama yakigusa gurudumu. Mhariri alipeleka mshale juu ya ile swichi.

"Ukizima, nami sina tena pa kukaa," mama alisema. "Lakini zima."

Kutoka chumbani mumewe aliita, akauliza kama shati lake la kliniki limekauka.

"Limekauka!" Mhariri alijibu. Kisha, kwa sauti ya chini, "Ngoja kwanza amalize kliniki, mama."



Chini ya makala ya sindano uliingia ujumbe wa msomaji: "Dada, wewe ndiye tunayekuamini. Mama yangu anywe Matone mara ngapi kwa siku?"

Mhariri aliandika haraka hata akakosea herufi. Asimpe. Amrudishe kwenye sindano, leo hii. Jibu lilikuja kabla maji ya chai hayajachemka: "Ameacha sindano tangu mwezi uliopita. Toka jana haamki vizuri."

Mama aliusoma akiwa kulekule kisandukuni. Alisukuma kiti cha magurudumu kuelekea pembeni, akavuta chake upande wa pili, na katikati akaacha nafasi ya mama mmoja mwingine.