Mipangilio ya Manowari Yangu

Mimi ni nahodha mstaafu wa meli za mizigo, lakini kwenye manowari za kompyuta mimi ni hasara tupu. Nasema mwenyewe kabla shemeji yangu Isidoro hajanitangaza.

Pasaka ya mwaka huu upepo ulivuma vibaya, parokia yetu na ile ya bondeni tukakatazwa kurushiana maroketi ya fataki kama kila mwaka. Sasa mji wetu wa Vrontados, huku Ugiriki, bila maroketi ni Pasaka gani hiyo? Vijana wakaamua vita vipiganwe kwenye kompyuta, manowari saba kwa saba, Jumatatu mchana. Kiongozi wetu akawa binti yangu, Markela. Mimi akanipa nafasi moja, kwa huruma.

Kwenye mazoezi nikampiga mwenzetu torpedo, kombora lile la chini ya maji. Nikaomba radhi, nikageuza meli, nikampiga nyingine.

Markela akavua vipokea sauti. "Baba, ukirudia tu, kiti hicho nampa Padri. Sitanii."

Hilo likanitisha. Binti huyu alikua akinijua kwa simu za bandarini tu. Sasa tunaketi bega kwa bega, ananiamuru, ananifokea, nami sijawahi kuwa na raha kama hii maishani. Parokia na ishinde au ishindwe, shauri yake. Kiti kile nilikitaka kwa sababu kiko karibu na chake.

"Basi nirekebishie," nikasema.

Akafungua mipangilio. "Hapa nakuwekea maelezo yote. Kila meli itaonyesha jina, umbali, na kombora litachukua sekunde ngapi kufika."

"Mwanangu, mimi nimezunguka Rasi ya Horn bila maandishi hewani."

"Huko nani alikuwa anakupiga mizinga?"

Akaikuza ramani ndogo ya pembeni, akaichorea duara la mizinga yangu inapofika, na duara jingine la adui anapoanza kuniona. Nikamwambia sasa imekuwa kama meza iliyoachwa alama za vikombe vya kahawa vilivyolowa. Kipanya nacho akakipunguza kasi. "Mkono wako unarukaruka, unafukuza nzi au unalenga?" Torpedo za wenzetu akazipa rangi tofauti, ili hata babu kipofu ajue zipi ni zipi. Babu kipofu ndiye mimi.

Kusema kweli, mambo yakanyooka. Siku ya pili nikazamisha manowari mbili za mazoezi, nikaenda mkahawani kuwasimulia watu, nikawasimulia tena hadi mwenye mkahawa akazima taa.

Jumatatu ikafika. Vita vikachacha, meli zikazama huku na huku, hadi tukabaki wawili baharini, mimi na Isidoro. Ndugu wa mke wangu, nahodha mstaafu kama mimi, ila ni wa parokia ya bondeni. Pointi sawa kwa sawa. Markela, aliyekwisha zamishwa, akaja kusimama nyuma yangu.

Isidoro akachomoza nyuma ya kisiwa, upande wangu wa kulia, ubavu wote wazi. Umbali nauona. Sekunde naziona. Duara limemmeza mzimamzima.

"Mpige, baba! Ubavu wote huo! Piga!"

Nikapunguza mwendo, nikakata usukani kulia, nikapita taratibu nyuma ya meli yake.

Na Isidoro, mwenye mizinga iliyojaa? Akashika njia yake, mwendo uleule, hakuyumba wala hakufyatua hata kombora moja. Muda ukaisha. Sare.

"Baba! Umefanya nini?"

"Alikuwa anatoka kulia."

"Kwa hiyo?"

"Anayetoka kulia unampisha, naye anashika njia yake. Ndiyo sheria ya bahari."

Kwenye skrini ukatokea ujumbe wa Isidoro: "Asante, nahodha. Safari njema." Kidogo ukaja mwingine: "Mama wa Mungu, nimefanya nini mimi?"

Lo! Mazoea yana taabu. Wazee wawili wazima, tumepewa vita, tumepigiana saluti. Nikajiinamia kwa aibu.

Markela alicheka mpaka akashika meza. Halafu akanigeukia.

"Kumbe kwa kupisha hivyo ndivyo ulivyokuwa unarudi nyumbani salama," akasema.

"Ndivyo, mwanangu. Kila mara."

Nikajua nimesamehewa.

"Haya, inuka. Sare inarudiwa sasa hivi, na Padri yuko mlangoni."

Nikainuka. Nilijikaza, lakini iliniuma, haki ya Mungu iliniuma. Nikachukua koti langu.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Si umeninyang'anya kiti?"

"Nimechukua kiti, baba. Wewe nani kakufukuza?" Akasogea, akaniachia nusu ya kiti chake. "Kaa hapa uniangalie ramani. Na akitokea mtu kulia, niambie mimi. Usiguse kitu."

Nikakaa. Padri akaniuliza mbona nalia, nikamwambia ni mwanga wa skrini.